Mashindano ya Biashara kwenye Televisheni: Kijana Anatoka na Nini?



Mashindano ya biashara yakianza kurushwa kwenye televisheni, malalamiko ni yale yale: jaji kamkaripia binti wa watu, jaji kayacheka mahesabu ya kijana mbele ya nchi nzima. Mimi sina ugomvi mkubwa na ukali wa majaji. Mwenye pesa zake huuliza maswali magumu hata pasipo kamera, na kijana atakayekwenda benki kesho atakutana na makubwa kuliko hayo. Dhuluma, inapokuwepo, huanza mapema zaidi: siku kijana anapotia saini karatasi ambazo hajazisoma ili mradi aruhusiwe kuingia studio.

Chukueni Shark Tank ya Marekani, kipindi ambacho wajasiriamali huwaomba mtaji majaji walio wawekezaji, iliyoanza kurushwa na ABC mwaka 2009. Katika misimu ya mwanzo, mkataba wa kushiriki uliipa kampuni ya utayarishaji ya Finnmax haki ya kuchukua asilimia 5 ya biashara ya mshiriki, au asilimia 2 ya faida yake. Awe amepata mwekezaji, awe ametoka mikono mitupu, haikujalisha. Kuonekana tu kulitosha kumtia deni. Mark Cuban, wakati huo mmoja wa majaji, alitishia kuondoka kipengele hicho kisipofutwa. Kikafutwa mwaka 2013, na waliotangulia nao wakaachiliwa. Tumpe sifa yake, lakini tuangalie pia ni nani aliyekuwa na ubavu wa kukiondoa: bilionea ambaye kipindi kisingependa kumkosa. Mshiriki angelalamika, angeambiwa nafasi yake inasubiriwa na wengine.

Kisha kuna suala la bei. Tuseme kijana anaomba shilingi milioni 10 kwa asilimia 10 ya biashara, maana yake anaithamini kwa milioni 100. Jaji anamjibu: nakupa milioni 10 hizo hizo, lakini unipe asilimia 40. Kwa sentensi moja biashara imeshuka hadi milioni 25. Nje ya studio, mtu angeomba usiku mmoja wa kuifikiria ofa hiyo, akae na mhasibu, amuulize mjomba aliyewahi kuingia ubia na mtu, arudi Jumatatu na jibu. Chini ya taa zile anapewa dakika chache, na akisita anaonekana mwoga. Akikubali, mikono inapeanwa, nasi sebuleni tunapiga makofi.

Kumbe mkono ule haumfungi mtu. Ukaguzi wa vitabu hufanyika baada ya kurekodi, na huko ofa huweza kupunguzwa au kufa kabisa, na mara nyingi kipindi hakirudi kutueleza. Mtaani kijana ataendelea kuombwa mchango wa harusi kwa ajili ya milioni ambazo hazijawahi kuingia kwenye akaunti yake.

Uingereza wana mfano wenye funzo. Mwaka 2010 BBC ilianzisha toleo la The Apprentice kwa vijana wa miaka 16 na 17, likaenda misimu mitatu. Jaji wake, mfanyabiashara Alan Sugar, aliwafukuza kwa maneno yale yale anayowafukuzia wakubwa. Lakini nyuma yao zilikuwepo kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, zinazotaka utu na hali ya moyo ya mshiriki aliye chini ya miaka 18 vilindwe hata kama yeye na mzazi wake wameridhia kila kitu. Kwa watu wazima, kanuni mahususi za kuwalinda washiriki zilianza kutumika Aprili 2021 tu. Kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kusoma mkataba wowote zaidi ya wa chumba cha kupanga ni mtu mzima kisheria. Huyo ndiye ananitia wasiwasi kuliko mtoto, kwa sababu mtoto walau ana mzazi wa kuulizwa.

Kwetu tumeona Lions' Den ya benki ya KCB nchini Kenya, na kabla yake Ruka Juu ya shirika la Femina Hip nchini Tanzania, mwaka 2011. Ruka Juu kiliandaliwa kwa nia njema kabisa, kama kipindi cha kuelimisha. Watafiti walifuatilia wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, baadhi wakihamasishwa kukitazama. Kulikuwa na dalili kwamba hamu ya biashara iliongezeka, hasa kwa wasichana. Lakini matokeo ya shule ya waliohamasishwa yalishuka, wachache zaidi wakaendelea na masomo, na haikuonekana wazi kwamba waliofungua biashara waliongezeka. Kwa hiyo tukihesabu walioumia, tusiishie kwa waliosimama jukwaani.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Mkataba umfikie mshiriki angalau wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, na mtayarishaji alipie mwanasheria ambaye mteja wake ni kijana. Ofa yoyote ya jukwaani iwe na siku saba za kuitafakari. Siku za kurekodi zilipwe posho, maana kijana amefunga duka ili watu wapate kipindi. Na baada ya mwaka, watazamaji waambiwe pesa zilitoka au hazikutoka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba semina hii isifungwe kabla ya kuteua watu watatu wa kuandika rasimu ya mkataba wenye masharti haya. Na yeyote hapa aliyewahi kusaini mkataba wa kushiriki mashindano kama haya, atuletee nakala. Jina lake tutalifuta.