Feza ya barabara irudi barabarani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji

Ndugu wafanyakazi, mama wa soko, vijana, na ninyi wazee mliokuja kwa miguu: uhuru!

Leo hatukuja kuimba sifa za chama. Tumekuja kuhesabu feza pamoja nanyi, kwa maana barabara mbovu inakula katika sahani ya kila mmoja wetu. Kilalo kikianguka njia ya Kasenga, samaki wa Luapula wanaozea njiani. Unga ukichelewa kutoka Kasumbalesa, bukari inapanda bei Lubumbashi, Likasi, hata Kolwezi. Mshahara ni ule ule, lakini tonge linapungua. Na mama mwenye uchungu wa kuzaa akikuta mbao za kilalo zimekwenda na maji, huyo hahesabu franka tena, anahesabu pumzi.

Wengine wanasema: Leta haina kitu. Sikieni vizuri, ndugu. Kuna mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni FONER, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili kutunza barabara. Inapata feza kwa kodi iliyo ndani ya bei ya mafuta ya motokari na kwa malipo ya peaji. Basi hata asiye na baiskeli analipa, kwa sababu kodi ile imo ndani ya bei ya taksi, ya makala na ya unga. FONER haishiki jembe. Inatoa feza, na kazi inafanywa na Office des Routes kwa barabara kubwa, na OVD kwa barabara za mji.

Mfuko wa pili unatoka chini ya ardhi. Kwa sheria ya migodi ya mwaka 2018, haki ya madini inayolipwa na makampuni inagawanywa hivi: sehemu 50 kwa 100 kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi yenye mgodi, na 10 kwa vizazi vinavyokuja.

Mfuko wa tatu ni mapatano ya Sicomines ya mwaka 2008: shaba na kobalti kwa makampuni ya China, barabara na majengo kwetu. Mwezi wa 3 mwaka 2024 mapatano yalirekebishwa, na feza ya kazi hizo ikapandishwa mpaka dola miliari 7, ikitegemea bei ya shaba. Shaba hiyo, ndugu, ni jasho lenu.

Basi mifuko ipo. Kwa nini mashimo yapo?

Barabara inauawa na maji na uzito. Mfereji ukiziba, maji yanapita juu, yanaingia katika ufa mdogo, na mvua za miezi miwili zinafanya shimo la kumeza gurudumu. Kuziba ufa ni kazi ya siku moja. Kujenga upya ni kazi ya mwaka na deni. Tena zamani shaba nyingi ilipanda treni. Leo inapanda makamio. Wenye elimu ya barabara wamepima: ekseli yenye uzito mara mbili inaharibu barabara karibu mara 16. Mwenye kupakia kupita kiasi anapata faida yake leo, nasi tunalipa kilalo chake kesho.

Wazee wanatuambia barabara za wakati wa Wabelgiji zilikuwa safi. Ndiyo, lakini zilisafishwa na wanakijiji kwa kazi ya lazima. Baadaye Mobutu alituletea salongo. Hatutaki kurudia njia hizo. Mtu anayelipa kodi kisha anaitwa kujaza mashimo bure, huyo amelipa mara mbili.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: kila mwezi, feza iliyoingia kwenye kila peaji ibandikwe ukutani pale pale, pamoja na kazi iliyofanywa nayo. Mbili: komini iseme mbele ya watu imepata nini katika zile sehemu 15. Tatu: vijiji vya kando ya barabara viwe na wafanyakazi wa kudumu, wenye koleo na mshahara, wazibue mifereji kabla ya mvua ya mwezi wa 11.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Nani anatupa takataka katika mfereji? Nani anajenga nyumba juu ya njia ya maji? Nani anampa mlinzi wa mizani franka chache ili kamio lipite? Mwenye kudai hesabu aanze kwake.

Ndugu, ukilipa peaji, omba karatasi, uitunze. Siku ya mkutano wa komini, njooni nazo mkononi. Karatasi moja inapeperushwa na upepo. Karatasi elfu ni mzigo, na mzigo huo lazima mtu ajibu.

Uhuru na kazi!