Mali Kauli: Ulimi wa Mfanyabiashara

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wafanyabiashara Waislamu wa Buyenzi, Bujumbura

Maneno ya leo yanahusu chombo kimoja cha biashara ambacho hakinunuliwi wala hakikodiwi, nacho ni ulimi.

Waswahili wana jina la namna moja ya biashara, jina ambalo hutamkwa kila siku bila kufikiriwa. Mtu asiye na mtaji huenda kwa tajiri wa duka la jumla, akapewa marobota mawili ya vitenge au magunia kumi ya mchele, akaondoka nayo pasipo kutoa hata faranga moja, kwa ahadi kwamba atauza kisha atalipa. Biashara hiyo huitwa mali kauli. Jina lenyewe lasema kilichowekwa rehani: si nyumba wala shamba, ni kauli. Mwenye mali ametoa marobota, mwenzake ametoa neno, na wote wawili wamekubali kwamba vitu hivyo vina uzito sawa. Katika mtaa huu wa Buyenzi, na katika miji ya ziwani, tangu Uvira hata Rumonge na Kigoma, wako walioanza na beseni moja la ndagala na leo wana maduka. Hawakuwa na benki ya kuwaamini. Walikuwa na kauli.

Ipo methali isemayo kwamba biashara haigombi, na watu huitumia kumfundisha kijana wa dukani kuwa na uso mkunjufu mbele ya mnunuzi mkali. Hilo ni jema. Walakini wako walioielewa methali hiyo kuwa ni ruhusa ya kusema lolote litakalompendeza mnunuzi. Kitambaa kinachochuja rangi husifiwa kwa uimara. Kipuri cha gari kilichokwisha tumika hupanguswa mafuta, kikaitwa kipya. Na fundi aliyeahidi gari siku ya Alhamisi, huku akijua kwamba hata Jumatatu halitakuwa tayari, huapa kwa Mungu bila hata kuinua macho. Huo haustahili kuitwa ulimi mzuri. Ni ulimi laini tu, na kilicho laini aghalabu huteleza.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Bwana Mtume alipita penye chungu ya nafaka iliyokuwa ikiuzwa, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikagusa umajimaji. Alipomwuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba nafaka imenyeshewa na mvua. Basi yafaa kutazama vema lililofuata. Bwana Mtume hakumlaumu mtu yule kwa sababu ya mvua, wala hakumwambia aondoe nafaka yake sokoni. Alimwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, ili watu waione. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Kwa hiyo kosa halikuwa kuwa na mali yenye dosari, kwa maana hakuna duka lisilo na mali yenye dosari. Kosa lilikuwa katika mpango wa maonyesho: kizuri juu, kibaya chini. Na ulimi nao unayo juu yake na chini yake. Mwuzaji husema sifa tisa kwa sauti, na dosari moja huifunika kwa kimya mpaka mnunuzi afike nayo nyumbani.

Hapa ndipo penye mtihani wa kukua kwa mfanyabiashara. Wengi hupima kukua kwao kwa idadi ya vibanda au kwa makontena yaliyoteremka bandarini Dar es Salaam. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, kwa kuwa watoto hula faida, hawali nasaha. Lakini kiko kipimo kingine: ni maneno gani ambayo mtu huyu mwaka jana hakuweza kuyatamka, na mwaka huu anaweza? Aliyeshindwa kusema "mali hii ina kasoro," au "nilikosea hesabu, nimekutoza zaidi," au "sitaweza kulipa mwezi huu," na leo anaweza kuyasema bila kutetemeka, huyo amekua, hata kama kibanda chake ni kile kile.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake Ihya, kwenye sehemu ya adabu za kuchuma, habari ya Yunus bin Ubaid, mwuza nguo wa mji wa Basra katika karne ya 2 ya Hijra. Dukani mwake mlikuwa na nguo za dirhamu 400 na nguo za dirhamu 200. Alipokwenda kusali alimwachia duka mtoto wa nduguye. Akaja bedui, akataka nguo ya 400. Kijana akamtandikia ile ya 200. Bedui akaipenda, akalipa 400, akaenda zake hali amefurahi. Njiani akakutana na Yunus, naye akaitambua nguo yake, akauliza bei. Aliposikia, akamwambia kwamba nguo ile haizidi 200, na kwamba arudi dukani. Bedui akasema kwamba kwao nguo kama hiyo ni 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali. Akamrudisha, akampa dirhamu zake 200, kisha akamgeukia kijana na kumkaripia. Kijana akajitetea kwamba mnunuzi aliichukua kwa ridhaa yake. Yunus akamwuliza kama yeye mwenyewe angeliridhia kutendewa vile.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba kijana hakusema uongo hata neno moja. Alitandika nguo, akanyamaza. Angelipelekwa kwa kadhi pengine angelipata pa kushika. Ila Yunus alijua kwamba kimya cha mwuzaji nacho ni kauli. Kwa sababu hiyo hiyo Bwana Mtume alikataza kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, kwa kuwa mwenye mali aliyetoka mbali hajui bei ya mji. Leo msafara ni mkulima wa mawese kutoka bara ya Rumonge, au mama aliyebeba maharage kichwani tangu alfajiri. Mchuuzi anayemngojea njiani hamdanganyi kwa neno. Anatumia tu yale asiyoambiwa.

Na kijana yule alijifunza wapi mwendo ule? Kisa hakisemi. Lakini katika maduka mengi swali ni moja kila jioni: umeuza kiasi gani? Hakuna tajiri anayeuliza, umemwambia nini mteja? Na mfanyakazi akija na habari mbaya, kwamba mzigo umelowa au mizani imelegea, hupokelewa kwa matusi. Baada ya mara mbili za namna hiyo tajiri hataletewa tena habari mbaya, naye atadhani duka lake limepona.

Sasa deni, ambalo ndilo linalovunja nyumba za Waislamu wafanyabiashara kuliko hasara yenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haihusu sala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Wanazuoni walio wengi wamesema kwamba agizo hilo ni la kupendekezwa, si faradhi. Na wako wanaojificha nyuma ya kauli hiyo kana kwamba kilichopendekezwa na Mola ni kitu kidogo. Ndani ya aya hiyo mna jambo ambalo watu hulipita. Karani anapokaa kuandika, anayetamka maneno si mwenye kudai. Ni mwenye kudaiwa. Yeye ndiye aseme kiasi gani amechukua na lini atalipa, wala asipunguze kitu. Na kama hawezi, msimamizi wake aseme kwa uadilifu.

Katika maduka ya leo mambo huwa kinyume. Mdai huandika peke yake usiku, kwa kalamu ya risasi, na mdaiwa huisikia hesabu baada ya miezi sita, tena mbele ya watu. Hapo huzaliwa ugomvi ambao hata sheikh wa mtaa huuhukumu kwa taabu. Lakini mtu aliyetamka kwa kinywa chake mwenyewe, faranga kadhaa, mwezi fulani, amejifunga kwa kamba aliyoisokota yeye, na ni vigumu kuikana.

Husemwa kwamba ndugu hawaandikiani. Kumtaka shemeji karatasi huonekana kama kumtukana. Aya imekwisha jibu, kwa kuwa imesema kuandika huondoa shaka, na hakuna mahali ambapo shaka huumiza kama baina ya ndugu. Imesema pia watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Wazee nao walijua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura, lililokuwa kubwa kuliko yote nchini, liliteketea kwa moto. Watu walikimbilia huko wakiwa na funguo za vibanda mikononi, na hapakuwa tena na vibanda vya kufungua. Daftari lililofungiwa ndani liliungua pamoja na mali. Mwenye kuisoma aya ile baada ya siku hiyo huona kwa nini haikutosheka na maandishi, bali ilitaka na mashahidi: karatasi huungua, ilhali waliosikia wako hai.

Chukua mfano wa mtu aliyekuwa na vitenge vya mali kauli siku ile. Majivu hayafuti deni. Aliyechukua mali kwa kuinunua amechukua na hatari yake. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuzima simu, kubadili njia ya kwenda msikitini, kusali mtaa wa mbali, na kumfundisha mtoto kusema baba hayupo. Ya pili ni kwenda kwa mdai kabla hajaitwa, siku ya pili au ya tatu, akakaa, akasema: mali yako imeungua, deni halikuungua, nipe muda, nitaanza na kiasi hiki. Maneno hayo ni machungu kuliko shubiri. Lakini mdai aliyeambiwa ukweli mapema anaweza kupanga mambo yake, kwa sababu naye pengine anadaiwa na mwingine. Na mdai aliyekimbiwa hubaki na dhana tu, nayo dhana huongezeka kila usiku. Aliyekwenda mwenyewe yamkini akapewa robota jingine. Wako walioanza upya Ruvumera hivyo, pasipo kitu.

Mdai naye hana ruhusa ya kufanya atakavyo. Aya ya 280 imeamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi. Kumdai mtu kwa sauti mbele ya watoto wake, au kuieneza habari yake barazani baada ya Magharibi, au kuirekodi kwenye simu na kuituma kwa watu, hakuleti faranga hata moja.

Liko tukio jingine katika masimulizi ya Bukhari. Aliletwa maiti ili asaliwe, naye alikuwa na deni. Bwana Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema kwamba deni lile amelichukua yeye. Hapo ndipo alipomsalia. Abu Qatada hakutoa dinari pale kwenye jeneza. Alitoa kauli, na kauli yake ikatosha, kwa sababu ilijulikana.

Na hapa mjini iko desturi njema, kwamba kabla ya kuzika, mtoto au ndugu wa marehemu husimama akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu aje kwa warithi, kwa kuwa deni hutangulia mirathi. Kijana huyo aghalabu hutangaza hali hajui lolote, kwa maana baba hakumwonyesha daftari hata siku moja. Ndani, mjane naye huulizwa na wenzake, naye hajui. Kesho yake huja watu watatu. Mmoja ana karatasi, wawili wana midomo mitupu, na yule aliyejua nani kati yao anasema kweli amekwisha zikwa.