Karani Asiyekwenda Likizo



Nimeombwa niseme machache juu ya vyama vya akiba na mikopo. Wengi hudhani chama huanguka kwa kukosa fedha. Niliyoyaona mimi ni mengine: chama huanza kuanguka siku kinapomwajiri ovyo, na kumtunza vibaya, yule anayezishika fedha hizo.

Mwaka 2004 nilichaguliwa kuingia katika bodi ya chama kimoja cha wafanyakazi. Karani wetu alikuwa mmoja tu. Nafasi yake hatukuitangaza. Mjumbe mwenzetu alimleta kijana wa ndugu yake, nasi tukakubali. Yeye ndiye aliyepokea fedha, ndiye aliyeandika stakabadhi, ndiye aliyejaza leja. Kwa miaka mitatu hakwenda likizo hata siku moja. Tulimsifu kwa bidii mbele ya mkutano mkuu, na hoja ya kumpa zawadi niliitoa mimi.

Kisha akaugua, akalazwa. Karani wa muda alipofungua vitabu, alikuta stakabadhi za marejesho ya mikopo ambayo hayamo katika leja. Kijana alianza kuchukua kidogo kidogo tangu ile miezi tulipomcheleweshea mshahara, huku posho zetu za vikao zikilipwa siku ileile. Simtetei, wizi ni wizi. Lakini mlango tuliuacha wazi sisi. Mwanachama mmoja, mjane, alikuja kutaka akiba yake alipe karo ya mwanawe, akaambiwa asubiri. Sikuweza kumtazama usoni.

Tulijirekebisha. Nafasi za kazi zikatangazwa. Mpokea fedha akawa mmoja, mwandika leja mwingine. Kila mtumishi akalazimika kwenda likizo, na mwenzake kukaa kitini pake. Mshahara ukatangulia posho za bodi. Watumishi wakapelekwa mafunzoni. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na leo ni chuo kikuu. Wanachama walipoona hesabu zao zinasomeka, wakarudi kuweka akiba.

Ninyi wanafunzi, baadhi yenu mtaketi katika bodi kama ile. Mkimwona mtumishi asiyetoka ofisini mwaka mzima, msikimbilie kumsifu. Mlipeni haki yake kwa wakati, kisha mpeni likizo.