Tulivyomwajiri Kijana Mwenye Suti

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo Mwenyekiti ameshazieleza. Mimi nimepewa mada ya wafanyakazi, nadhani kwa sababu kosa lile lilikuwa langu. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Mwaka 2018 tulikuwa tumenunua mashine ya kusaga. Kila mmoja wetu ana shamba lake la mtama au uwele, mwingine ana genge, hakuna aliyeweza kushinda mashineni kutwa. Tukatangaza nafasi ya msimamizi, wakaja saba. Mmoja alivaa suti, mkononi faili la vyeti. Akazungumza ufanisi, huduma kwa mteja, kupanua soko. Nikasimama nikasema, "Jamani, huyu ametumwa na Mungu." Tukamwajiri siku ileile. Wale sita hatukuwauliza hata swali la pili, na mama mmoja aliyekuja na kandambili tulisema hajajiheshimu.

Vyeti tulivikagua sana. Mnakumbuka Aprili 2017, hapahapa Dodoma, pale Chuo Kikuu, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo kila mwajiri alijifunza kuuliza kama cheti ni cha kweli. Nasi tukauliza. Vilikuwa halali, nisimsingizie kijana wa watu, tukadhani tumemaliza kazi.

Mwezi wa kwanza alikwenda vizuri. Ulipofika msimu wa mavuno, foleni imejaa, akawa anafungua saa tatu badala ya saa moja. Mama ametoka mbali na debe la uwele kichwani, anaambiwa angoje, kijana yuko na simu. Mkanda wa mashine ukikatika hamtafuti fundi, anaandika daftarini "mashine mbovu", kisha anakaa. Na mwandiko wake mzuri ajabu!

Lakini hesabu zake zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Hapo ndipo palipotushinda. Mwizi utamkamata, huyu haibi, ila hajali, sasa utamshtaki kwa lipi? Tukanung'unika bombani miezi minane, hakuna aliyemwita kumwambia. Wateja wakahamia mashine ya jirani. Mgao wa mwaka ule mnaujua. Kuna mwenzetu alikuwa akiutegemea kwa ada ya mtoto, na haukutosha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nisiseme alikosea peke yake. Sisi tulimwita meneja, tukamwonyesha meza na kiti. Vumbi, kelele na watu waliochoka hatukumwonyesha.

Wengine huogopa kwamba ukishaajiri umefungwa. Si hivyo. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi kumi na miwili. Ila katika muda huo mwajiri anatakiwa ampime mtu, amwelekeze na amsikilize kabla ya kumwachisha. Sisi hatukufanya hata moja.

Alipoondoka tulibadili utaratibu. Aliyetaka kazi alifanya siku tatu mashineni, kwa malipo, na moja ya siku hizo iwe ya mnada. Tulikwenda pia kwa waliowahi kufanya naye kazi. Hatukuuliza kama ni mtu mzuri, maana nani atakwambia mtu mbaya? Tuliuliza: kitu kikiharibika na bosi hayupo, alikuwa anafanyaje?

Yule mama wa kandambili alirudi. Siku ya pili nikamkuta amechana boksi, ameandika majina ya waliopanga foleni, wa kutoka mbali amewatanguliza. Hakuna aliyemwagiza. Fundi alipokuja, akamwuliza mkanda unafungwaje ili siku nyingine aufunge mwenyewe. Tunaye hadi leo, amekaa pale nyuma. Ana kasoro zake: ni mkali, na daftari lake lazima likaguliwe kila Jumamosi. Lakini saa moja kamili mlango uko wazi.

Mwaka huu tunaongeza mashine ya kukamua alizeti, na barua za maombi zimeshaanza kuingia. Baadhi zimechapwa vizuri, zina na picha. Naiomba Kamati isiwaite waombaji ofisini. Waje mashineni, asubuhi, na nguo za kazi. Na mtu akija kwangu kuniambia kwamba mwanawe au mpwa wake amo, nitamjibu kwamba naye aje asubuhi.

Nilikuwa nimeomba safari hii nisiwe kwenye usaili. Mwenyekiti amekataa.