Swali la Pangani
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari. Likizo iliyopita nilitoka Tanga kwa gari pamoja na binti yangu, aliye Kidato cha Pili, tukashika njia ya kusini hadi Pangani, mwendo wa kilomita 50 hivi. Tulisimama ukingoni, pale mto unapoingia baharini, ng'ambo yake Bweni. Maji yale hutoka Kilimanjaro na Meru. Zamani misafara ya bara ilifika hapo na pembe za ndovu na watumwa.

Nikamweleza mtoto kama nilivyofundishwa katika shule hii. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Watu wa Pangani wakakataa, na Abushiri bin Salim akawaongoza vitani. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa papo hapo Pangani. Kwa jibu hilo nilipata alama zote.

Nikaongeza kwamba Abushiri alikuwa na shamba la miwa.

"Nani waliolima, baba?"

"Watumwa."

"Sasa wao walikuwa upande gani?"

Ndugu zangu, ofisini nimezoea kujibu kila barua, hata kama jibu ni kwamba shauri linashughulikiwa. Pale nilinyamaza. Hata Chuo Kikuu sikuulizwa swali hilo. Wajerumani walidai wamekuja kukomesha biashara ya watumwa, lakini utawala wao ukaisha bila kuufuta utumwa. Katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Abushiri alipigana nchi isichukuliwe, na ushujaa wake haukanushiki. Lakini mkata miwa wake hakupata hata mstari mmoja katika daftari langu.

Nilimwambia binti yangu kwamba sina jibu, tulitafute pamoja. Tunalitafuta bado.

Vijana, yashikeni majibu mnayofundishwa, maana mtihani hauna huruma. Ila mkifika mahali penyewe, ulizeni ni nani hakutajwa. Mimi nimekaa zaidi ya miaka 20 bila kuuliza, mpaka nikaulizwa na mtoto.