Damu Itapimwa Wapi? Uchaguzi wa Vali ya Moyo kwa Wagonjwa wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mgonjwa wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anayehitaji vali mpya kwa kawaida hupasuliwa mbali na kwao: hospitali ya Kenyatta au ya Mater jijini Nairobi, pengine Tenwek kule Bomet. Kisha hurudi mlimani, na huko ndiko vali itakakofanya kazi miaka yote iliyobaki. Ninadai kwamba kabla ya kuulizwa umri wake, aulizwe damu yake itapimwa wapi, na nani, na kwa nauli ya nani. Vali ya kutengenezwa, ambayo wengi huiita ya chuma ingawa vijilango vyake siku hizi ni vya kaboni, ina historia ndefu. Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards waliifanikisha Marekani mwaka 1960. Hudumu miongo mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mwenye nayo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mwisho wa maisha. Vali ya mnyama, ya nguruwe au ya utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, kwa kawaida haidai dawa hiyo baada ya miezi ya mwanzo. Deni lake ni kuchakaa, mara nyingi katika miaka 10 hadi 15, na kwa kijana mapema zaidi.

Warfarini ndiyo kiini cha jambo. Mwenye vali ya mitrali ya kutengenezwa hutakiwa kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, donge la damu laweza kumletea kiharusi. Kikipanda, anaweza kuvuja damu ubongoni. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, na akishatulia, karibu kila mwezi. Sasa tazama sahani ya huku kwetu: mukimo wa majani ya malenge au thabai, na sukuma wiki kando. Mboga hizo zimejaa vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Kumkataza mgonjwa mboga ni ushauri mbaya. Anachohitaji ni kiasi kisichobadilika, na shamba halitoi kiasi hicho masika na kiangazi. Kisha kuna kemisti wa sokoni: Septrin au Flagyl huipandisha INR, na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Zaidi ya hayo, homa ya baridi yabisi huanza kuharibu vali utotoni, ndiyo maana wengi wanaohitaji vali ni vijana, wakiwamo wanawake wanaotarajia kuzaa. Warfarini hupita kwenye kondo na yaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba.

Nitaambiwa kwamba miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 inaelekea vali ya kutengenezwa kwa walio chini ya miaka 50 upande wa aota, na chini ya 65 upande wa mitrali. Ni kweli, lakini miongozo hiyo hiyo inapendekeza vali ya mnyama, kwa umri wowote, pale ambapo dawa ya kuzuia kuganda haiwezi kusimamiwa ipasavyo au mgonjwa haitaki. Watu hunukuu umri na kuliruka sharti. Pingamizi zito zaidi ni upasuaji wa pili: ni hatari kuliko wa kwanza, na fedha zake huenda zisipatikane. Silipuuzi. Kwa mwalimu anayeishi karibu na maabara mjini Nyeri, aliyemaliza kuzaa, ningependekeza vali ya kutengenezwa bila kusita. Lakini vali inayochakaa mara nyingi huonyesha dalili na kutoa muda wa kujipanga; donge la damu haligongi mlango. Wanaosubiri dawa mpya zisizohitaji vipimo wakumbuke dabigatrani: jaribio lake kwa wenye vali za kutengenezwa lilisimamishwa, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha madonge na uvujaji damu vikiwa vingi kuliko kwa warfarini.

Wapo watakaosema tusogeze vipimo karibu, mashine za tone la kidole ziwe katika hospitali za Tumutumu, Chogoria na Othaya. Naunga mkono, ila anayepasuliwa mwezi huu hawezi kutegemea bajeti ya mwakani. Kwa sasa barua ya rufaa inayotoka kliniki zetu iandike mambo manne: kituo atakachopimwa INR, nauli ya kwenda na kurudi, kama anatarajia kuzaa, na kama vali yake mwenyewe yaweza kukarabatiwa bila kubadilishwa. Daktari wa upasuaji aisome mbele ya mgonjwa, kabla ya tarehe kupangwa.