Mabomba ya Motokaa ya Zimamoto: Kuunga Pasipo Kuchomelea

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Tumeombwa tuseme habari ya kaplingi za kufunga kwa bolti, zile zinazounga bomba na bomba pasipo kuchomelea. Tangu zianze kutumika katika matengenezo ya motokaa za zimamoto, maneno yamekuwa mengi wakati wa chai. Ndugu zetu wa kuchomelea wasema zimekuja kuwanyang'anya unga. Wakubwa nao wasema hiyo ni kazi ya spana tu, kibarua yeyote aiweza. Sisi mafundi wa mabomba twaona pande zote mbili hazijaitazama kazi yenyewe. Basi na tuitazame.

Motokaa ya zimamoto si lori lililobebeshwa tangi tu. Tangi la lita 4,000 ni tani 4 za maji, na maji hayo hayatulii njiani. Gari likipanda ukingo wa barabara au likiingia shimoni, chesisi hujipinda. Tangi huvutwa huku, pampu hubaki kule, na katikati yao kuna bomba la chuma. Bomba hilo likiwa limechomelewa tangu mwanzo hata mwisho, halina mahali pa kujinyosha, na nguvu yote huenda kutafuta palipo padhaifu. Mara nyingi ni ukingoni mwa mshono, pale chuma kilipopata moto kikabadilika. Tena, bomba likiwa limepakwa zinki, moto wa kuchomelea huila zinki ile, na kutu huanza papo hapo, kwa ndani, ambako jicho halifiki.

Tuliletewa gari moja la namna hiyo, la mji ambao hatuna haja ya kuutaja. Bomba lake la inchi 4 lilikuwa limechomelewa mahali pamoja mara tatu, mkanda juu ya mkanda, kama kiraka cha suruali. Na kila safari ya kuchomelea ina mambo yake: betri ifunguliwe, masanduku ya umeme yachomolewe yasije yakaungua, tangi la dizeli liondolewe, kibali cha moto kingojewe. Siku hizo zote mji ule haukuwa na gari. Watu waliolala katika nyumba za mbao na mabati hawakupewa habari.

Sisi watu wa reli hatupaswi kuona ajabu chuma kuhitaji kiungo kinachocheza. Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na mashini mbili, moja mbele na moja nyuma, na boila katikati. Mvuke ulipita kwenda kwenye mashini hizo kwa viungo vinavyogeuka, kwa sababu kwenye kona kila sehemu ilikuwa na mwelekeo wake. Kama bomba lile lingalichomelewa likawa kitu kimoja, Garratt isingalimaliza kona ya kwanza.

Sasa kaplingi yenyewe. Ni vipande viwili vya chuma cha kusubu, kila kimoja mfano wa nusu ya pete, na mpira mmoja wa mviringo, na bolti mbili. Karibu na ncha ya kila bomba umepitishwa mfuo kuzunguka. Mpira huvikwa juu ya ncha zote mbili, kisha vile vipande viwili huubana, na midomo yao ya ndani huingia katika mifuo. Ukiutazama mpira ule ukiukata, umbo lake ni kama herufi C, mgongo nje, mdomo ndani. Maji ya pampu huingia katika mdomo ule na kuusukuma mpira ujibane zaidi juu ya bomba. Yaani kadiri maji yanavyokuwa na nguvu ndivyo mpira unavyoziba. Aliyefikiri hivyo alifikiri vizuri.

Fikira hiyo si ya jana. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeshi yalitaka mabomba ya maji na ya mafuta yanayoungwa upesi. Anayetajwa kuwa aliibuni ni Ernest Tribe, mwanajeshi wa wahandisi wa Uingereza, na mwaka 1919 kampuni ikaanzishwa London. Jina Victaulic, ambalo mafundi wengi huita kaplingi zote za namna hii hata zikiwa za kiwanda kingine, lilifanywa kwa maneno mawili ya Kiingereza, moja la ushindi na moja la nguvu za maji.

Hapa ndipo tunapotaka wakubwa watusikilize. Wasema ni kazi ya spana. Haya, tupige hesabu. Bomba la inchi 4 lina upana wa nje wa milimita 114. Pampu nyingi za zimamoto hupimwa kwa shindo la bari 10. Kwa shindo hilo, nguvu inayotaka kuziachanisha ncha mbili za bomba hilo ni karibu tani nzima. Kinachoishika tani hiyo si mpira, wala si bolti peke yake. Ni ule mdomo wa chuma ulioingia katika mfuo. Mfuo ukiwa haukufika kina chake, kaplingi itafungwa, itapendeza, hata itakaa siku nyingi bila kuvuja. Kisha usiku mmoja dereva atafungua pampu mpaka mwisho, na bomba litachomoka mbele ya mtu aliyesimama kando ya gari. Kwa hivyo kazi hii yataka kipimo cha mfuo, na mtu ajuaye kukisoma. Yataka pia mtu ajuaye kwamba bomba jembamba hupigwa mfuo kwa gurudumu la kukandamiza, wala halichongwi, maana ukilichonga umelipunguzia unene uliokuwa haba tangu mwanzo. Na bolti hukazwa kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, vipande vikutane sawasawa. Ukikaza upande mmoja kwanza, mpira hubanwa katikati ya chuma na kukatika.

Kuna kaplingi nyingine za mfereji laini, zisizo na mfuo, zinazobana bomba kwa mpira tu. Hizo zina mahali pake, lakini haziishiki tani ile. Anayeziweka kwenye bomba la kutolea maji bila kulifunga bomba lenyewe na chesisi anatega mtego. Hata zile za mfuo zinazocheza, bomba lake lazima lishikwe kwa mabano, lisiachwe likining'inia.

Upande wa kunyonya ni habari nyingine kabisa. Huko hatari si maji kutoka, bali hewa kuingia, na hewa haionekani ikidondoka sakafuni. Pampu ikinyonya maji mtoni, kwa kweli ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji yapande. Pwani, Mombasa, uzito huo waweza kuyainua kama meta 10, kwa hesabu ya kitabu. Nairobi ni karibu meta 8 na nusu. Timboroa, kwenye stesheni iliyo karibu meta 2,740 juu ya bahari, ni meta 7 na kidogo. Kazini hupungua zaidi. Basi gari lenye kiungo kinachovuta hewa kidogo laweza kufanya kazi vema Mombasa, na likipelekwa juu likashindwa kunyonya hata tone, watu wakailaumu pampu. Ule mpira wa C umetengenezwa usukumwe kutoka ndani. Kwenye kunyonya husukumwa kutoka nje. Si kila mpira unafaa huko, na karatasi ya mtengenezaji husema upi unafaa. Karatasi hiyo ikae karakana, si katika kabati ya ofisi.

Neno la grisi. Mpira wa maji ulio wa kawaida katika kaplingi hizi huitwa EPDM. Wavumilia maji na joto, lakini mafuta ya petroli na grisi ya magari huuvimbisha na kuulegeza. Nasi mkono wetu, kwa mazoea, huenda kwenye kopo la grisi bila kuulizwa. Mpira huu hupakwa mafuta yake maalum, au ya silikoni, si ya ekseli.

Sasa twageukia ndugu wa kuchomelea, maana ni wanachama kama sisi. Hatusemi kazi yao imekwisha. Mabano, fremu, matangi ya chuma, hayo yote yangali yao. Lakini tuseme kweli kuhusu moshi. Anayechomelea chuma chenye zinki hupata jioni homa na kutetemeka, na mdomo kuwa na ladha ya chuma. Asubuhi anaamka mzima, kisha anarudi palepale. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa watu. Na tunajua mahali ambapo dawa ya moshi huo ni pakiti ya maziwa. Maziwa huenda tumboni. Moshi huenda mapafuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aondoe hatari, haikumwambia awe muuza maziwa.

Kwa hivyo twaleta mambo haya mbele ya mkutano. Kwanza, wachomeleaji ndio wafundishwe kaplingi hizi mbele ya mtu mwingine, kwa kuwa tayari wanaijua chuma na kusoma mchoro. Tena, anayefunga bomba la zimamoto aandikwe na kulipwa kama fundi, wala kazi hiyo isipewe kibarua wa siku ili kupunguza mshahara. Jina lake liandikwe katika daftari la gari, na kabla gari halijatoka lijaribiwe kwa maji mbele yake. Vipimo vya mfuo vinunuliwe, kimoja kwa kila benchi.

Katibu ameiandika hoja hii na itapigiwa kura baada ya maswali. Kaplingi moja ya inchi 4 na kipimo chake viko hapa mezani. Anayetaka kuvishika aje, ila kwanza afute grisi mikononi.